Fransaizi, uwakala au jina lako mwenyewe: tofauti za kisheria kabla hujaweka sahihi

Shemeji yangu alistaafu mwaka juzi. Siku moja alikuja na mkataba wa kurasa 58, wote kwa Kiingereza, akauweka mezani kabla hata hajanywa chai. "Shemeji, wewe umezoea makaratasi. Niambie tu kama ni mzuri."

Ulikuwa mkataba wa fransaizi. Alipe ada ya kuingilia, afungue duka la kuku wa kukaanga kwa jina la kampuni ya nje, kisha apeleke asilimia ya mauzo kila mwezi kwa miaka kumi. Kurasa za mwanzo zilikuwa tamu. Ukurasa wa 41 ndio ulionifanya nivue miwani niifute: mkataba ukiisha, kwa sababu yoyote ile, namba ya simu ya duka, orodha ya wateja na haki ya kubaki kwenye fremu vinahamia kwa mwenye jina.

Alikuwa na njia nyingine mbili. Kampuni ya vinywaji ilikuwa inatafuta msambazaji wa eneo lake. Na dada yangu, yaani mkewe, anayepika kuliko duka lolote la kuku ninalolijua, alikuwa anauliza kwa nini wasifungue kwa jina lao. Mpaka leo hawajaamua, na siwalaumu. Haya ndiyo niliyowaandikia, nikiyapanua kidogo kwa mwingine aliyekwama palepale.

Njia tatu, maswali matano

Fransaizi ni kupanga jina na mfumo wa mtu. Biashara ni yako, mtaji ni wako, hasara ni yako. Jina, mapishi, rangi za ukuta na namna ya kumsalimia mteja ni vya mwenye chapa. KFC iliingia Kenya mwaka 2011 kwa njia hii: anayeendesha maduka ni kampuni nyingine, chapa inabaki ya wenyewe Marekani.

Uwakala na usambazaji naviweka kapu moja, ingawa sheria inavitenganisha. Wakala anafanya kazi kwa niaba ya mkuu wake na kulipwa kamisheni, kama wakala wa M-Pesa. Msambazaji ananunua mzigo, unakuwa wake, anauuza kwa faida. Ukikwama stoo, umekwama kwake.

Njia ya tatu ni jina lako mwenyewe.

Kila njia niliipima kwa maswali haya: sheria inakulinda kiasi gani? Jina ni la nani? Nani anaamua mambo ya kila siku? Pesa inatoka vipi na kodi inakaa kwa nani? Na siku ya kutoka, unatoka na nini? Hilo la mwisho watu hulisahau kwa sababu siku ya kusaini kila mtu anacheka.

Sheria inakulinda kiasi gani

Tanzania na Kenya hazina sheria mahsusi ya fransaizi. Hakuna kifungu kinachomlazimisha mwenye chapa kukuonyesha hesabu za maduka mengine, kesi alizoshtakiwa, au idadi ya walioshindwa wakaondoka. Kinachokulinda ni sheria ya kawaida ya mikataba, ambayo kimsingi inasema: ulisoma, ukasaini, timiza.

Linganisha na Afrika Kusini. Sheria yao ya Ulinzi wa Mtumiaji ya mwaka 2008 inamtaka mwenye chapa akupe waraka wa taarifa angalau siku 14 kabla ya kusaini, na hata baada ya kusaini una siku 10 za kazi za kubadili mawazo bila adhabu. Marekani nako kuna waraka wenye vipengele 23, unaotolewa siku 14 kabla ya sahihi au malipo yoyote, na ndani yake kuna mashauri ya mahakamani pamoja na orodha ya waendeshaji, wakiwemo walioondoka.

Chapa nyingi zinazobisha hodi kwetu zinatoka nchi hizo mbili, kwa hiyo waraka huo tayari wanao kabatini. Uombe. Hawalazimiki kukupa wewe wa Mwanza au Kisumu, lakini namna watakavyokujibu ni taarifa tosha. Ukipata orodha ya walioondoka, wapigie wawili watatu. Dakika kumi na mtu aliyefunga duka zina thamani kuliko siku nzima na mtu wa mauzo.

Uwakala, unaodharauliwa kama kibanda cha mtaani, una msingi wa kisheria imara kuliko fransaizi. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, ina sehemu nzima inayohusu mkuu na wakala wake. Wakala anayefanya kazi halali aliyotumwa hatakiwi kuachiwa hasara peke yake, na aliyepewa muda maalumu akikatishwa bila sababu ya kutosha ana haki ya kudai fidia. Kwa mawakala wa pesa za simu kuna zaidi: mwaka 2014 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliifanya Safaricom iondoe sharti la kuwafunga mawakala wake na mtandao mmoja. Msambazaji hana sehemu ya sheria ya namna hiyo. Yeye yuko karibu zaidi na mtu wa fransaizi: anaishi kwa maandishi ya mkataba wake.

Kwa jina lako mwenyewe swali linageuka. Huna mkuu wa kukuonea. Una mwenye nyumba, wafanyakazi, TRA (mamlaka ya mapato), halmashauri na mteja, na kwa hao wote sheria zimejaa.

Jina ni la nani

Hapa fransaizi ina mtego ambao hata mawakili wengine huuruka. Unalipia jina, je, mwenye chapa analimiliki hapa? Alama ya biashara inalindwa nchi kwa nchi. Kusajiliwa Johannesburg hakumzuii mtu wa Kariakoo. Tanzania Bara usajili unafanywa BRELA. Zanzibar ina wakala wake, BPRA, na sheria yake. Alama iliyosajiliwa Bara haivuki bahari kwenda Unguja. Kenya ni KIPI. Kabla ya kulipa ada ya kuingilia, tafuta alama hiyo kwenye daftari la nchi unayofungulia, na mkataba uandike nani atagharamia kesi mtu mwingine akijitokeza na kudai jina ni lake. Mikataba mingi niliyoona inamtaka mwendeshaji atoe taarifa na kukaa pembeni. Sawa, lakini hasara ya miezi sita bila kibao cha nje anaibeba nani?

Kwa wakala na msambazaji hili ni jepesi. Jina si lako na hukulilipia. Angalia tu kwamba ruhusa ya kutumia nembo kwenye gari na kibao imeandikwa.

Ukiwa na jina lako, kosa la kawaida ni kudhani usajili wa jina la biashara unatosha. Hautoshi. Cheti cha jina la biashara kinasema nani anaendesha biashara inayoitwa hivyo. Kinachokupa nguvu ya kumzuia mwingine ni usajili wa alama. Alama husajiliwa kwa madaraja: huduma za mgahawa ziko daraja la 43, na mchuzi wako wa pilipili ukianza kuuzwa kwenye chupa ni daraja lingine. Bara usajili wa kwanza hudumu miaka 7, kisha unahuisha kwa miaka 10. Kenya ni miaka 10 tangu mwanzo. Ada zake ukizilinganisha na ada ya kuingilia fransaizi, ni hela ya vocha.

Nani anaamua

Januari 2022 maduka ya KFC Kenya yaliishiwa chipsi. Kenya, nchi ya Nyandarua na viazi vyake! Viazi walivyotumia vilitoka nje, meli zikachelewa kwa sababu ya korona, na wasambazaji wa ndani walikuwa hawajapitishwa kwenye ukaguzi wa ubora wa chapa. Wakenya walichachamaa mitandaoni. Lakini kwa mtu wa mikataba, pale hapakuwa na mshangao: kipengele cha msambazaji aliyeidhinishwa ndicho moyo wa fransaizi. Ndicho kinachofanya kuku awe na ladha ileile kila mji, na ndicho kinachoweza kukufungia jiko huku gunia la viazi liko sokoni mtaa wa pili.

Kwa hiyo usikiondoe, kirekebishe. Omba kifungu kinachokuruhusu kununua kwingine kwa muda pale msambazaji aliyeidhinishwa anaposhindwa kuleta, na utaratibu wenye siku zilizotajwa wa kuidhinisha msambazaji wa ndani. Omba pia eneo lako lichorwe kwenye ramani, maana neno "Dar es Salaam" linaweza kumaanisha wewe peke yako au wewe na wenzako tisa. Na uliza kuhusu oda za mtandaoni: mteja aliye ndani ya eneo lako akiagiza kupitia programu ya simu ya kampuni, mauzo ni ya nani?

Msambazaji ana uhuru zaidi, na Kenya sheria inamsaidia. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 inakataza kumpangia muuzaji bei ya chini ambayo hawezi kushuka. Bei ya kupendekezwa ni jambo jingine. Eneo na malengo ya mauzo ndiyo ya kuangalia, kwa sababu lengo lisilofikiwa robo mbili mfululizo huwa ndilo kisingizio cha kukunyang'anya eneo. Wakala wa pesa za simu haamui karibu chochote: viwango vya kamisheni vinatoka juu. Anachoamua ni mahali pa kukaa na ukubwa wa floti yake, yaani pesa anazoweka za kufanyia miamala.

Jina lako, maamuzi yako. Ndiyo raha yake, na ndiyo sababu wengi huharibikiwa mwezi wa nne: hakuna mwongozo wa kurasa mia tatu wa kukukataza kumkopesha binamu.

Pesa na kodi

Mrabaha wa fransaizi, yaani ile asilimia ya kila mwezi, hukatwa kwenye mauzo, si kwenye faida. Duka likiuza na kupata hasara, mrabaha uko palepale. Kisha soma tafsiri ya neno "mauzo". Tuseme umeuza milioni 30 kwa mwezi, VAT ya asilimia 18 ikiwa ndani, na mkataba unadai asilimia 6 ya mrabaha na 3 ya matangazo. Mauzo yakihesabiwa pamoja na VAT, unapeleka milioni 2.7. Yakihesabiwa bila VAT, ni kama milioni 2.29. Tofauti inakaribia milioni 5 kwa mwaka, na imejificha kwenye mstari mmoja wa ukurasa wa tafsiri.

Kodi ya zuio nayo ina hadithi yake. Ukilipa mrabaha kutoka Tanzania unatakiwa kuzuia asilimia 15 na kuipeleka TRA. Kenya, ukimlipa asiye mkazi, ni asilimia 20. Wenye chapa wengi huweka kipengele kinachosema wapokee kiasi kamili bila makato. Maana yake kodi inahamia kwako: ili wao wapate 100 mkononi, wewe unatoa takriban 117.65 kwa Tanzania, au 125 kwa Kenya. Asilimia 6 uliyoisoma kwenye kipeperushi sasa ni asilimia 7 na kitu, au 7.5. Kipengele hiki kinajadilika. Wapo wanaokubali kugawana, hasa kama nchini kwao wanaweza kudai unafuu wa kodi iliyokwisha kulipwa huku.

Kingine kwa walio Tanzania: kanuni za matumizi ya fedha za kigeni za mwaka 2025 zinakataza kutoza bidhaa na huduma kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Aliyenunua haki ya chapa kwa nchi nzima, naye yuko Masaki, akikuandikia ada kwa dola, mrudishie karatasi.

Usambazaji ni rahisi kuuelewa: pesa yako imekaa kwenye mzigo. Uliza dhamana wanayotaka, siku za kulipa, na nani anabeba bidhaa zinazoisha muda. Wakala wa pesa hukatwa kodi ya zuio kwenye kamisheni kabla haijamfikia. Hilo halina mjadala, aweke tu kumbukumbu.

Kwa njia zote tatu kuna karatasi moja ya mwisho inayoletwa watu wakiwa wamechoka: dhamana binafsi. Umefungua kampuni ili deni la biashara lisikufuate nyumbani, kisha unasaini kwamba lisipolipwa likufuate nyumbani. Ikihusisha nyumba ya familia, Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya mwenza. Shemeji alitaka kuipita hapo kimyakimya. Nilimkumbusha kwamba mwenza huyo ni dada yangu.

Siku ya kutoka

Mwisho wa fransaizi huwa na mambo manne ambayo hayalingani. Mkataba ni wa miaka kumi. Pango la fremu ni la miaka mitatu. Mkopo wa benki ni wa miaka mitano. Haki ya kuhuisha mkataba ni "kwa hiari ya mwenye chapa". Mwenye nyumba akipandisha kodi mara mbili mwaka wa nne, umevunja mkataba wa fransaizi kwa kosa la mtu mwingine. Linganisha tarehe hizo kwenye karatasi moja kabla ya kusaini. Kenya mpangaji wa duka au mgahawa ana afueni: Sheria ya Sura ya 301 inawalinda wenye pango lisiloandikwa au la miaka isiyozidi mitano, na kuna baraza maalumu la kusikiliza migogoro yao. Bara, tegemea ulichoandika.

Kisha angalia marufuku ya kufanya biashara inayofanana baada ya kutoka. Miaka miwili ndani ya kilomita kumi unaweza kuivumilia. Nchi nzima kwa miaka mitano ni kukunyima riziki, na Kenya ina sheria, Sura ya 24, inayoiruhusu Mahakama Kuu kubatilisha zuio lisilo la haki. Lakini kwenda Mahakama Kuu ni gharama. Ni nafuu kupunguza kilomita kabla ya sahihi.

Mgogoro utaamuliwa wapi? Kifungu cha usuluhishi London au Johannesburg kinamaanisha tiketi, hoteli na mawakili wa kule kwa deni ambalo pengine ni dogo kuliko nauli. Wala usidhani ukipuuza tuzo ya huko, yaani uamuzi wa wasuluhishi, haitakufikia: Tanzania na Kenya zote ni wanachama wa Mkataba wa New York wa 1958, na tuzo ya nje inaweza kutekelezwa hapa. Omba usuluhishi ufanyike Dar au Nairobi. Hakikisha pia mkataba umelipiwa ushuru wa stempu, maana usipolipiwa unaweza kukataliwa kama ushahidi siku unapouhitaji.

Kuuza duka kwa mtu mwingine kunahitaji kibali cha mwenye chapa, mara nyingi na ada, na mara nyingi yeye ana haki ya kununua kwanza. Ukifariki je? Weka kifungu kinachowapa warithi muda wa kuendesha au kuuza.

Msambazaji anatoka na mzigo uliobaki, hivyo anahitaji kifungu cha kampuni kuununua tena, na notisi ya kutosha kuumaliza. Magari na stoo ni vyake. Wateja? Kwa desturi wanamfuata mtu aliyekuwa anawapelekea kreti, lakini kama mauzo yaliingizwa kwenye mfumo wa kampuni, namba zao ziko huko. Wakala wa simu anatoka na floti yake, na kesho anaweza kuwa kwenye mtandao mwingine palepale.

Mwenye jina lake ndiye pekee anayeweza kuuza jina. Lakini jina lisilosajiliwa, hesabu zisizokaguliwa na mapishi yaliyo kichwani mwa mpishi mmoja, mnunuzi haoni cha kununua zaidi ya meza na majiko.

Kulingana na hali yako

Una mafao yanayopatikana mara moja tu, na hujawahi kuendesha biashara. Fransaizi inakupa mfumo uliopimwa, na kwa wengine huo ndio usalama. Iwapo mwenye chapa anakubali kutoa waraka wa taarifa, kuoanisha muda wa mkataba na pango, na dhamana binafsi yenye kikomo cha kiasi, iko pazuri kuzungumzwa. Akikataa yote matatu, usambazaji wa bidhaa inayotembea utakufundisha biashara kwa mtaji unaoweza kuuhesabu stoo.

Una milioni chache na nguvu. Uwakala unakufaa, na ujenge kwa kutofungwa na mkuu mmoja. Kwa msomaji wa Kenya, Uganda au kwingine anayefikiria kibanda cha pesa za simu Tanzania: amri ya Julai 2025 imezuia wasio raia kufanya biashara hiyo pamoja na nyingine kadhaa. Jirani Mtanzania kuweka jina lake badala yako si suluhisho, ni kosa jingine.

Una mgahawa unaojaa na watu wanauliza kama utafungua tawi Mbezi. Huhitaji jina la mtu. Sajili alama yako, Bara na Zanzibar, andika mapishi, funga hesabu. Baada ya hapo wewe ndiye unaweza kuwapangisha wengine jina, na yote niliyolalamikia hapo juu yatageuka kuwa vifungu vyako.

Uko Muscat au Minnesota unatuma pesa nyumbani. Soma kama mkataba unamtaka mmiliki awepo dukani. Wa fransaizi mara nyingi unataka hivyo, na kaka aliyesimama kwa niaba yako anaweza kuhesabiwa kuwa uvunjaji. Usambazaji au jina lenu la familia, chini ya kampuni ambayo hisa zako zimeandikwa BRELA, huvumilia umbali zaidi. Hati ya uwakili unayompa huyo kaka itaje wazi anachoweza kusaini, na kwamba dhamana ya nyumba ya mama haimo.

Shemeji amepeleka ukurasa wa 41 kwa wakili na kalamu nyekundu. Dada yangu, wiki iyo hiyo, alikwenda kuulizia daraja la 43.